Nadharia Inapokoma

Lipo jibu moja nililowahi kulitoa darasani ambalo halijaniacha nikae kwa raha tangu hapo, nami naomba nafasi katika kurasa hizi nilitubie mbele ya wanachama wenzangu.

Nilikuwa katika mazoezi ya kufundisha, muhula wa pili wa mwaka wa 2019, kwenye shule moja ya wasichana ya bweni. Masomo yangu yalikuwa Kiswahili na Historia. Fizikia niliiaga nilipomaliza Kidato cha Pili. Tukaachana kwa amani, kila mmoja akashika hamsini zake, na sikutarajia kwamba tungekutana tena. Mwalimu wa zamu, hata hivyo, hachaguliwi maswali. Usiku mmoja wa mwezi wa Juni nilikuwa nikizunguka madarasani wakati wa kudurusu. Katika darasa moja la Kidato cha Pili palikuwa na kipande cha gazeti kilichobandikwa ukutani, kando ya orodha ya wanaofagia darasa. Kilikuwa na ile picha iliyotangazwa kote ulimwenguni tarehe 10 Aprili mwaka huo: pete ya mwanga wa rangi ya chungwa, nene upande wa chini na nyembamba upande wa juu, imelizingira giza. Ndiyo picha ya kwanza kupata kupigwa ya shimo jeusi, lile lililo katikati ya galaksi iitwayo M87, mbali nasi masafa ambayo mwanga huyakata kwa takriban miaka milioni 55. Msichana mmoja aliyeketi chini ya kipande hicho aliinua mkono.

"Mwalimu, mle ndani mna nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelisoma mahali fulani, na lilikuwa na ule uzuri wa majibu yanayoziba watu midomo. Nikamwambia, "Mna nukta ndogo kuliko ncha ya sindano, ndogo hata haina ukubwa, nayo ina uzito usio na ukomo."

Alifikiri kidogo. "Sasa, Mwalimu, kitu kisicho na ukomo kinaeneaje ndani ya kitu kisicho na ukubwa? Na ni nani alienda kukipima?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nami, badala ya kulishika swali, niliushika ualimu. "Wanasayansi," nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. "Haya, durusu." Akaketi. Nilikaa katika shule ile hadi muhula ulipofungwa mwezi wa Agosti, na sikumbuki kuuona mkono ule ukiinuka tena nikiwa zamu.

Januari ya mwaka uliofuata nilizungumza kwa simu na mwalimu wa fizikia wa shule ile kuhusu mambo mengine kabisa. Katika kuulizana hali nikadadisi habari za darasa lile. Walikuwa wamekwisha kuchagua masomo ya Kidato cha Tatu. Waliobaki na fizikia walikuwa wachache, na msichana yule hakuwamo. Sisemi kwamba jibu langu ndilo lililomtoa. Watoto huiacha fizikia kwa sababu mia, na mimi mwenyewe ni shahidi. Lakini najua aliuliza swali gani, na najua alijibiwa nini.

Chumba changu chuoni nilikigawana na mwanafunzi wa fizikia, mtu mpole asiyependa kumsahihisha mwenziwe isipokuwa pale anapoona hapana budi. Nilipomsimulia kisa hiki alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Ndugu yangu, umewalisha watoto wa watu makapi."

"Makapi gani?"

"Hiyo nukta yako. Hakuna aliyethibitisha kuwa ipo. Hapo ndipo nadharia yenyewe inapokufa."

"Hapo wapi?"

Alinyamaza kwa muda, kalamu mkononi. "Shida ni kwamba," akasema, "hapo si mahali."

Maneno hayo yalinipa kazi ya usiku mwingi. Niliyoyapata ni haya, na ninayaeleza kwa lugha niliyoulizwa nayo.

Kwa Newton, mvutano ni nguvu: Jua huivuta Dunia kana kwamba pana kamba isiyoonekana kati yao. Albert Einstein, katika nadharia yake ya jumla ya uhusianifu aliyoikamilisha mwezi wa Novemba mwaka wa 1915, aliikata kamba hiyo. Alisema kwamba maada hupinda nafasi na wakati vilivyo kandokando yake, na kwamba Dunia haivutwi na chochote. Inafuata tu njia iliyo nyoofu kadiri iwezekanavyo katika mahali palipopindika. Milinganyo inayoeleza jambo hili ni migumu mno hata Einstein mwenyewe alitarajia makadirio tu. Kabla ya mwaka kwisha akapokea barua kutoka kwa Karl Schwarzschild, mwanafalaki wa Kijerumani aliyekuwa amejiunga na jeshi akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Katikati ya vita, Schwarzschild alikuwa ameupata ufumbuzi kamili wa milinganyo hiyo kwa ajili ya mahali palipo nje ya nyota ya mviringo. Mwezi wa Mei mwaka wa 1916 alifariki kwa maradhi.

Ufumbuzi wake ulikuwa na kasoro mbili. Chukua kikokotoo, ugawe 1 kwa 0, nacho kitakataa na kukuandikia kwamba kuna kosa. Hesabu ya Schwarzschild ilikataa namna hiyo katika vituo viwili: katikati kabisa, penye umbali wa sufuri, na katika umbali mwingine unaotegemea uzito wa kitu. Kwa Jua letu umbali huo ni takriban kilomita 3. Kwa Dunia ni milimita 9 hivi, kadiri ya urefu wa punje ya hindi. Maana yake ni kwamba ungeweza kuiminya Dunia yote ikawa na nusu kipenyo cha punje ya hindi, hapo ndipo kosa la nje lingejitokeza. Kwa miaka mingi wengi waliliona hilo la nje kuwa ndilo janga. Einstein mwenyewe alichapisha makala mwaka wa 1939 akijaribu kuonyesha kwamba vitu vya aina hiyo haviwezi kutokea. Mwaka huo huo Robert Oppenheimer na mwanafunzi wake Hartland Snyder walionyesha kinyume: kwamba nyota kubwa iliyokwisha kuni zake huweza kujiporomokea yenyewe bila kikwazo.

Kosa la nje ni la ramani. Fikiria tufe la dunia tulilolitumia katika jiografia. Mistari yote ya longitudo hukutana kwenye Ncha ya Kaskazini, na ukimuuliza mtu aliyesimama pale yuko kwenye longitudo gani, hana jibu. Lakini barafu iliyo chini ya miguu yake haijapasuka. Ni mistari yetu tuliyoichora vibaya. Georges Lemaître, padri wa Kibelgiji aliyekuwa pia mwanafizikia, alilitambua hilo mapema katika miaka ya 1930, ingawa walimwengu walichelewa kumsikiliza. Ramani nzuri zaidi zilipatikana kwa David Finkelstein mwaka wa 1958 na Martin Kruskal mwaka wa 1960, na katika ramani hizo kosa la nje likatoweka. Kilichobaki pale ni mpaka ambao ukishauvuka hurudi, wala mwanga haurudi. Wataalamu huuita upeo wa matukio, na hapa lugha yetu imewatangulia. Nahodha anayetweka tanga kutoka Lamu huuona upeo wa macho, huupita, na hasikii jahazi likigonga chochote. Aliyebaki gatini ndiye anayesema kwamba amepotea.

Mfano huo una ukweli wa kutisha kidogo. Shimo la M87 lina uzito wa takriban Majua bilioni 6.5, hivyo upeo wake uko kilomita zipatazo bilioni 19 kutoka katikati, zaidi ya mara 4 ya masafa ya kutoka Jua hadi sayari ya Neptuni. Katika shimo kubwa kiasi hicho, tofauti ya mvutano kati ya kichwa chako na nyayo zako wakati unapouvuka upeo ni ndogo mno hata hungeweza kuihisi. Katika shimo dogo, lenye uzito wa Majua 10 tu, tofauti hiyo ingekurarua kabla hujafika. Kwa hiyo kama lingekuwepo shimo kama la M87 lisilozunguka, na lisilo na ule moto wa gesi unaong'aa katika picha, ungeweza kuingia ukiwa mzima, ukiendelea na mazungumzo yako. Nadharia ya Einstein ingali inafanya kazi barabara humo ndani. Saa yako ingali inahesabu. Kilichobadilika ni kwamba sasa umebakiwa na muda wa saa 28 hivi, si zaidi.

Muda wa kufika wapi? Hapa ndipo nilipomwelewa mwenzangu, na niseme wazi kwamba nisingemwelewa kama nisingekuwa mwanafunzi wa Kiswahili.

Sote tumefundishwa kwamba kirejeshi -po- kina kazi mbili. "Nionyeshe ulipozaliwa" ni mahali. "Ulipozaliwa, mvua ilikuwa ikinyesha" ni wakati. Umbo ni lile lile. Muktadha ndio unaotofautisha. Tunasema hapo mlangoni na hapo kale bila kusitasita. Mwalimu wetu wa sarufi alikuwa akituonya tusizichanganye kazi hizo mbili katika mtihani, na alikuwa na haki, kwa kuwa huku nje tofauti yake ni kubwa. Kwa mahali una hiari: waweza kwenda mbele, kurudi nyuma au kusimama. Kwa wakati huna hiari. Kesho inakuja uwe umesimama au umeketi.

Ndani ya upeo wa matukio, hesabu ya Schwarzschild inabadilisha kazi ya -po- hiyo. Umbali wa kutoka katikati, uliokuwa mahali ulipokuwa nje, unachukua tabia ya wakati. Kukaribia katikati kunakuwa sawa na kuikaribia kesho. Huwezi kusimama, kama vile usivyoweza kusimama katika saa nne asubuhi ukakataa kuingia saa tano. Hata ukiwasha roketi yenye nguvu kuliko zote hujiepushi. Na ukitazama mbele huwezi kuiona ile "nukta" niliyoisema, kwa sababu haiko mbele yako kama mti ulio mwisho wa barabara. Iko katika majaliwa yako. Ni siku ya mwisho, ila ni siku isiyofuatwa na siku nyingine. Msichana aliuliza "mna nini", akitumia ile m- ya ndani, nami nikamjibu kana kwamba ndani mle mna kitu kilichowekwa kama kokwa katika embe. Ningekuwa mwaminifu ningemwambia kwamba mle hapaulizwi tu "wapi", huulizwa pia "lini".

(Haya ni ya shimo lisilozunguka. Mashimo halisi huzunguka, na hesabu yake, iliyopatikana na Roy Kerr mwaka wa 1963, ina pete badala ya nukta na mambo mengine yanayozua ubishi hadi leo. Kerr mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 89, aliandika mwaka wa 2023 akidai kwamba wenzake wameharakisha kuamini kwamba lazima pawe na mwisho mle ndani. Wazee wa fani hii hawastaafu.)

Sasa kosa la pili, lile la katikati. Hilo halikuondoka kwa kubadilisha ramani. Kipo kipimo cha mpindo wa nafasi na wakati kisichojali ramani unayoitumia. Ukikikokotoa kwenye upeo unapata namba ya kawaida, ukikikokotoa kuelekea sufuri kinapanda bila kusimama. Hiyo ndiyo wataalamu huiita singulariti. Hata hivyo palikuwa na tumaini. Nyota ya Schwarzschild ni ya mviringo kamili, na hakuna nyota iliyo hivyo. Labda, wengine wakasema, katika nyota halisi yenye matuta na mabonde maada ingepishana katikati, ikatokea upande wa pili, kama umati wa watu wanaokimbilia mlango mmoja lakini wasifike kwa wakati mmoja. Wataalamu wa Kirusi Evgeny Lifshitz na Isaak Khalatnikov waliandika hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Roger Penrose alilizima tumaini hilo mwaka wa 1965, katika makala yasiyozidi kurasa chache. Hakuhitaji umviringo. Alionyesha kwamba maada ikishaporomoka kiasi cha kuufanya hata mwanga unaoelekezwa nje urudi ndani, basi, maadamu mvutano haugeuki ukawa wa kusukuma, lazima ziwepo njia zinazokatika. Makala hayo yalimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2020, miaka 55 baadaye. Nayasema haya kwa kirefu kwa sababu ya neno moja: njia. Penrose hakuthibitisha kwamba kuna uzito usio na ukomo. Hakuthibitisha kwamba kuna nukta. Alithibitisha kwamba ukifuata njia ya mwanga unaoingia mle, njia hiyo inafika mwisho baada ya mwendo wenye kipimo, na milinganyo ya Einstein haina neno hata moja la kusema kuhusu kinachofuata. Kitabu kinaishia katikati ya sentensi.

Tazama basi nilivyoteleza. Nilimwambia mtoto wa watu kwamba mle mna kitu "kisicho na ukomo", ilhali kilichothibitishwa ni ukomo wenyewe. Lugha ilikuwa imenipa neno sahihi, mimi nikalitia ukanushi.

Wapo katika chama chetu wanaopendekeza kwamba singulariti iitwe "upekee", kwa kuwa neno la Kiingereza lina maana ya kuwa peke yake. Siwaungi mkono. Hiyo ni kutafsiri kibandiko na kuiacha chupa. Tukitaka istilahi inayobeba maana, ukomo lingetosha, na lina faida kwamba linamkumbusha msemaji kwamba anataja mwisho wa maarifa fulani wala hataji kitu kilichookotwa.

Je, nadharia inakoma kabisa wapi? Hapa wanafizikia wanakubaliana kuhusu sababu, ingawa tiba hawajaipata. Nadharia ya Einstein iliandikwa kana kwamba nafasi na wakati ni laini kama hariri, unaweza kuvikatakata bila mwisho. Nadharia ya kwantamu, inayotawala atomu na chembe zake, haikubali ulaini wa namna hiyo. Ukizichanganya namba zinazotawala mvutano, mwanga na kwantamu unapata urefu mmoja uitwao urefu wa Planck: mita sufuri, nukta ya desimali, sufuri nyingine 34, kisha 16. Mpindo unapofikia kipimo hicho hakuna sababu ya kuiamini hesabu ya Einstein tena. Nilimwomba mwenzangu akokotoe jambo hilo hutokea wapi katika shimo la M87 kama lingekuwa halizunguki. Alipomaliza alinisogezea karatasi bila kusema kitu. Kutoka kilomita bilioni 19 nadharia inashikilia, inashikilia, inashikilia, inapita ukubwa wa nyota, wa nyumba, wa atomu, inapita hata protoni iliyo ndani ya atomu, na inakuja kuanguka katika kipimo kilicho kidogo kuliko protoni mara maelfu. Tunasema nadharia "huvunjika ndani ya shimo jeusi" kana kwamba imefeli mtihani mzima. Imekosa swali la mwisho tu. Wapo wanaoshuku, tangu Stephen Hawking alipoonyesha mwaka wa 1974 kwamba mashimo meusi huvujisha joto kidogo, kwamba huenda pana tatizo hata kwenye upeo, lakini ubishi huo haujaamuliwa.

Kisha akanikumbusha kwamba fizikia iliwahi kuyapitia haya. Mwanzoni mwa karne ya 20 hesabu zilizokuwepo zilisema kwamba elektroni inayoizunguka kiini cha atomu ingepoteza nguvu na kutumbukia humo chini ya sehemu moja kwa bilioni ya sekunde, ikizidi kuzama bila mwisho. Kwa hesabu hiyo hakuna atomu ingesimama. Si meza, si mimi, si wewe. Hakuna aliyekwenda darasani kusema kwamba ndani ya atomu mna mzamo usio na mwisho. Walisema hesabu imekosea, na kutoka kwa Niels Bohr mwaka wa 1913 na waliomfuata ikapatikana nadharia ya kwantamu, ambamo elektroni ina ngazi ya chini isiyoweza kuishuka. Huenda shimo jeusi nalo lina ngazi yake. Wanaoshughulikia nadharia za kwantamu za mvutano wana mapendekezo: kwamba maada hufika kikomo cha kusongamana kisha ikadunda, kwamba nafasi yenyewe imefumwa kwa nyuzi au vitanzi. Hesabu zipo za kujaza maktaba. Hakuna hata moja iliyokwisha kuthibitishwa kwa kipimo, na upeo wa matukio unahakikisha kwamba atakayeingia kupima hatatoka kutusimulia.

Kuna jambo jingine nililolijua kwa kuchelewa, nalo liliniuma kwa namna yake. Usiku ule niliposema "wanasayansi" nilikuwa na maana ya watu wa mbali, wenye lugha yao. Sikujua kwamba tarehe 12 Desemba mwaka wa 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, mtambo wa Waitaliano uliosimamishwa baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani, ya kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, na kwa heshima ya siku na ya wenyeji ikaitwa Uhuru. Mwaka wa 1971 Uhuru iligundua kwamba miali ya kitu kiitwacho Cygnus X-1 ilikuwa ikichezacheza kwa kasi mno, dalili kwamba kitu chenyewe ni kidogo sana. Wanafalaki wa Uingereza na wa Kanada wakaipata nyota inayokizunguka, na kutokana na mwendo wake wakajua kwamba jirani yake asiyeonekana ni mzito kupita kiasi cha nyota mfu ya aina nyingine yoyote. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho wataalamu wengi walikubali kuwa shimo jeusi. Vipimo vya mwaka wa 2021 vinakipa uzito wa Majua 21. Na hadi leo vyanzo kadhaa vya miali hiyo vina majina yanayoanza na 4U, yaani katalogi ya nne ya Uhuru. Wanafunzi wa fizikia kote duniani huiandika U ile katika madaftari yao, na sidhani wengi wanajua ni herufi ya neno la nani. Msichana yule naye hakuambiwa. Angeambiwa na nani? Aliyekuwa zamu hakujua.

Mwaka jana niliandika karatasi moja, mbele na nyuma, nikaituma kwa yule mwalimu wa fizikia, ambaye angali katika shule ile. Msichana alikwisha kumaliza zamani, na nambari yake hakuna aliyekuwa nayo. Nilimwomba mwalimu aibandike penye ubao wa matangazo wa darasa lile. Alinipigia simu akasema ameibandika, pale pale kilipokuwa kile kipande cha gazeti, ingawa ukuta umepakwa rangi mpya. Mengi niliyoyaandika nimekwisha kuyasema hapa, ila maneno ya mwanzo yalikuwa haya:

"Kwa aliyeuliza mwaka wa 2019: uliuliza ni nani alienda kukipima. Hakuna aliyekwenda, na hakuna aliyekipima. Swali lako lilikuwa sahihi, jibu langu lilikuwa na makosa, nami ninaomba radhi. Kuhusu swali lako la pili, namna kitu kisicho na ukomo kinavyoenea ndani ya kitu kisicho na ukubwa, hakienei. Ulikuwa umefika nadharia inapokoma."